Chumba cha Kuombea, Theta

Jumatatu, 3 Februari

Chumba kile kile cha pembeni. Godoro, stuli, dirisha linaloangalia mahindi ya watu. Dada Esther, mtunzaji wa hapa, amechukua simu yangu langoni akaniuliza nafunga siku ngapi. Wiki, nikamwambia. Nimedanganya. Nimekuja kuandika. Nyumbani Gatongora jirani wa juu hazimi muziki, na hapa ni mahali pekee ambapo mtu haulizwi kwa nini amejifungia. Mkobani nina maandazi na njugu, chini ya nguo.

Kitabu kimekwama pale mama anapofariki. Mama wa kitabuni ni Mama yangu. Nimeandika sentensi moja, nikaifuta.

Jumanne, 4

Hakuna kitu.

Jirani wa chumba cha pili anaomba kwa sauti tangu alfajiri. Tumetenganishwa na bati tu, kwa hivyo mambo yake yote nimeyajua bila kuuliza. Ni Mama Nekesa, kwao Bungoma, anafanya kazi kiwanda cha nguo Thika. Binti yake atapasuliwa moyo Ijumaa. Anakemea, analia, anaimba. Mimi nilikula andazi nikitafuna polepole nisisikike.

Sijasema Amina tangu tumzike Mama. Kanisani wengine wakisema, mimi nafungua mkoba kama natafuta kitu. Sina hasira na Mungu. Afadhali ningekuwa nayo.

Jumatano, 5

Mambo yameharibika. Mama Nekesa amenisimamisha kwenye tangi la maji. Kwa watu wa hapa anayeomba kwa kelele bado anapanda kwa Mungu, anayenyamaza ameshafika. Na mimi nimenyamaza tangu nije.

"Dada, wewe ni mtu wa maombi," akasema. "Mimi napiga kelele tu. Kwako nasikia kalamu peke yake, unamwandikia Mungu. Simama na mimi kwa hii mambo ya Nekesa."

Ningemwambia nini? Kwamba ni hadithi? Nikasema sawa. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6

Nilipiga magoti. Nikafika "Baba yetu" nikabaki hapo, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau amefuata nini. Magoti yakauma. Nikainuka.

Mchana nikamwuliza Mama Nekesa mtoto yukoje, angalau nijue. Alinieleza kwa muda mrefu. Ana miaka tisa. Anavaa soksi zisizofanana, makusudi. Anaogopa kuku. Jogoo akiingia ndani, anapanda juu ya meza na kumkemea kwa jina la Yesu.

Nikarudi chumbani nikayaandika. Kurasa zikajaa, za kwanza tangu mwaka jana.

Ijumaa, 7

Mama Nekesa alitoka mapema kwenda hospitalini. Akaniambia nisiache kuomba mpaka arudi.

Sikuacha. Niliandika Nekesa akienda shule, Nekesa akisukwa nywele, Nekesa juu ya meza. Mengine nilijitungia. Njugu sikuzigusa. Nilikuwa na upumbavu wa kuogopa kwamba nikiweka kalamu chini, kitu kitakatika.

Jioni Esther alikuja na simu mkononi. Nilimwona uso tu nikajua. Mtoto hakuamka.

Sikuhisi kitu. Nilifunika kalamu.

Jumamosi, 8

Sikuandika. Sikuomba. Maandazi yameota ukungu. Esther alipita mlangoni akasema, "Pole, Dada, uliomba sana." Nilitaka kumpiga.

Jumapili, 9

Mama Nekesa amekuja kuchukua blanketi lake. Aliingia kwangu nalo bila kubisha, akaketi kwenye godoro. Sauti yake yote imekwisha. Nikamwambia ukweli: sikuomba, sikuweza, niliandika tu. Kuhusu mtoto wake. Na mengine ni ya kutunga. Nikangoja anitukane.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Pale kwa jogoo kicheko kikamponyoka, akajifunika uso kwa leso. "Rudia hapo." Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya mwisho nilisoma kwa kunong'ona.

Alifuta uso. Akasema, "Amina."

Nami nikasema.

Halafu tukakunja blanketi, yeye upande ule, mimi upande huu.