Milimita sita

Beata, toka wodini ndipo usome hii. Sitaki mama akuone uso.

Leo nimeikagua ile mashine yetu ndogo ya sumaku, ya picha za kichwa. Tuna kiboksi cha plastiki cha kuijaribia, kina vitundu viwili vilivyoachana milimita mia moja. Kwenye picha nimepata tisini na nne.

Tisini na nne. Nimerudia mara tatu.

Nikatoka nje. Mabati ya kuezekea kanisa yameegemezwa ukutani, nyuma tu ya mashine. Bati ni chuma, linapotosha sumaku, picha inapinda. Nikamuuliza mlinzi, Mzee Baltazar, yaliletwa lini. Ananiambia, "Jumatatu, dada. Nimeyaweka hapo yasinyeshewe."

Jumatatu. Mama tulimpima Jumatano, na picha nimesaini mimi.

Nikampigia Daktari Methodi, aliyepanga upasuaji wa kichwa cha mama. Akasema, "Nimeshachora pa kutoboa."

Amesema anaahirisha. Lakini kesho asubuhi atakayepasua ni daktari mwingine, hajaambiwa, na simu yake haipatikani.

Beata, ile alama ya kalamu juu ya sikio la mama, ifute sasa hivi.