Mbegu za Nyar Kadem

Nyatike, Migori
Agosti 2024

Kwako ndugu yangu Willis,

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto huko Sindo. Natumaini yule mdogo aliyekuwa na homa ulipokuja mwezi wa sita amepona na sasa anakula. Sisi huku tu wazima wa mwili. Maji ya mto Kuja yamerudi yalikotoka, barabara imekauka, nami nimefungua tena duka langu la mbolea, ingawa wanaoingia huuliza tu kisha hutoka. Barua hii anakuletea Osman, yule mwenye lori la dagaa, omena.

Najua unataka kwanza habari za mama yako. Bado yuko kwenye hema pale shuleni. Anatembea vizuri na macho yake hayajapungua. Siku ya mgao wa unga hupanga foleni kama wengine, yeye Nyar Kadem, ambaye sisi sote tulizoea kupanga foleni mlangoni kwake.

Unajua ilivyokuwa. Kila mafuriko yalipopita, wanawake walimjia na vikombe, naye akafungua vibuyu vilivyoning'inia juu ya moshi wa jikoni, akawagawia andiwo, ule mtama mwekundu unaostahimili kusimama majini. Walipanda kwenye tope jipya kabla halijakauka, na miezi minne baadaye kila nyumba ilikuwa ikisonga ugali wake. Mimi nilipofika hapa kutoka Kisii bila hata sufuria, nilikula kwake msimu mzima.

Mwaka jana ukaja mradi wa kujenga ghala la mbegu, nikachaguliwa katibu wa kamati. Ghala likajengwa kwenye ule uwanja tambarare karibu na soko. Mama yako alisimama mkutanoni akasema, "Hapo ni kwa mto. Mto ilienda kutembea tu, itarudi kwake." Wageni wa mradi walicheka kwa adabu. Nami nilicheka. Wakaomba mbegu zote za kienyeji zihifadhiwe humo. Wengi walipeleka, yeye akakataa.

Mwezi wa tatu alianza kuzunguka boma hadi boma. Alisema siafu wanahamishia mayai yao darini, na viboko wamepanda kulisha upande wa shule, mahali ambapo hawajafika tangu wewe uko darasa la pili. Aliwaambia watu wahamishe mihogo yao mikavu na wakachukue mbegu ghalani. Waliokuja kwangu kuzidai niliwarudisha. Niliwaambia ghala ni la mawe na simiti, na mlango haufunguliwi mpaka wageni waje kupiga picha.

Maji yalikuja Jumatano, saa nane mchana, jua likiwaka. Hapa hakukuwa na tone; mvua ilikuwa imenyesha huko kwetu Kisii, mto unakotoka. Hakufa mtu, kwa kuwa wengi walikuwa wameshahamia juu shuleni kwa neno la mama yako. Lakini ghala lilijaa hadi madirishani. Tulipolifungua siku ya tisa, mtama ulikuwa umechipua ndani ya magunia, unanuka kama pombe ya busaa iliyoharibika.

Tope lilikuwa zuri, Willis. Jeusi, laini, limetandazwa hadi mlimani. Wanawake wakamjia mama yako na vikombe vyao, nami nilikuwepo. Hakuwa na cha kuwapa. Mahindi ya msaada yalifika wiki sita baadaye, yakaota manjano, yakalala chini. Omanga, jirani yenu, ameichukua familia yake yote wakafanye kibarua cha tumbaku Kehancha.

Utauliza mbegu zake zilifikaje ghalani ilhali alikataa. Na uliniuliza jingine, siku ile ulipoleta magunia mawili ya omena naye akakataa kutoka hemani. Uliniuliza umemkosea nini. Nikakujibu ni uchungu wa mafuriko, utapita. Nilikudanganya.

Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kutunza ghala, na bila andiwo ya mama yako ghala lingeonekana tupu. Basi mwezi wa pili nilimwendea jikoni, nikamwambia nimezungumza nawe kwa simu. Nikamwambia umesema mbegu zipelekwe, kwa sababu umechoka kuchekwa Sindo kwamba mama yako bado ananing'iniza vibuyu kwenye moshi. Sikuwa nimekupigia. Alipanda kwenye stuli akavifungua mwenyewe, kimoja kimoja, akanipa. Nilipofika mlangoni aliniuliza kama kweli ulitumia neno hilo, kuchekwa. Nikasema ndiyo.

Juzi nilikwenda hemani nikamweleza yote. Alikuwa akichambua maharagwe ya msaada, na mikono yake haikusimama. Akasema, "Miezi sita mtoto wangu ananipigia, na mimi naangalia simu ikilia." Kisha akaniamuru nikuandikie, na nimsomee barua kabla ya kuifunga. Nimemsomea. Nilikuwa nimeandika mahali fulani kwamba nilidhani nawatendea watu mema. Akasema nitoe, si kweli. Nikaiandika upya; hii ni karatasi ya pili.

Kazi ya ghala nimeiacha, na Jumanne nitayasema haya haya kwenye baraza la chifu. Hajanisamehe, na sikuthubutu kumwomba. Ameniagiza nikwambie uwaulize wanawake wa huko kwenu Suba kama kuna aliyebaki na andiwo, hata kiganja kimoja. Na amesema uje. Kosa langu, anasema, nilibebe mwenyewe, lakini yeye naye ana lake la kukuomba radhi: kwamba aliambiwa umesema maneno yale, na akaamini.

Wasalimie wote nyumbani. Mwambie mkeo namkumbuka. Usipoona haja ya kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi uliyekuwa ukiniita dada,
Dorah Mokeira