Klia Juu ya Shaba

Kimbo, Ruiru
Alhamisi asubuhi

Kwa ndugu yangu Chege,

Natumaini barua hii itawakuta mko wazima huko Kilifi, wewe na wifi Ndila na mtoto. Kile kikohozi chake kiliisha? Sisi huku tunashukuru Mungu, ila baridi ya Julai imetuingia mpaka kwenye mifupa. Musau, fundi wetu wa rangi, anakusalimia sana. Baba naye hajambo, na habari zake ndizo zimenifanya nishike kalamu. Ningepiga simu kama kawaida, lakini siku hizi jina lako likitokea tu kwenye simu yangu, Baba naye ameshatokea mlangoni. Kuna mambo siwezi kuyasema akiwa amesimama hapo, kwa hivyo naituma hii na basi la mizigo.

Chege, nimechoka. Wacha niseme hivyo kwanza ndiyo nipate nguvu ya kuendelea.

Najua mteja wetu Perez amekuja juu. Najua amekuambia boti yake isipofika wiki hii atatafuta watu wengine, na ni wewe uliyemhakikishia kwamba dada yako wa Ruiru anaweza kutengeneza boti ya faiba ya kuingia baharini. Hii ni boti yetu ya kwanza. Tumezoea matangi ya maji na bodi za matatu, na nilitaka sana watu waone kwamba tunaweza na hii. Badala yake imekaa hapa karakana muda wote huu, na wapita njia wa Kimbo wananiuliza kama tunangoja mafuriko.

Ile rangi ya shaba uliyotutumia tuliipaka vizuri. Musau alichanganya unga wa shaba na gundi yake kama ulivyoelekeza, tukapaka tumbo la boti mkono juu ya mkono, tabaka baada ya tabaka, mpaka unga ukabaki kidogo tu. Ulikuwa umesema ikikauka tuipige msasa mwepesi ili shaba itokeze, halafu tuiache hivyo hivyo, nayo itakaa miaka mingi bila mwani wala vile vidudu vya magamba kujishikiza. Tukapiga msasa. Mimi nikaenda Thika kununua skrubu.

Sasa, Baba unamjua. Huyu ni mtu aliyepaka matatu maisha yake yote, na kwake kazi isiyong'aa ni kazi ambayo haijaisha. Akaona tumbo la boti limepauka, rangi kama ya matope, akasema huo ni uvivu. Akamtuma Musau dukani, akachukua bomba la kupulizia, akaipiga klia, ile vanishi ya kung'arisha matatu, boti nzima. Niliporudi ilikuwa inang'aa, ungeweza kuchana nywele mbele yake, na mzee amesimama kando kifua mbele akingoja sifa. Ngai! Nililia kwa hasira. Shaba yote ilikuwa imefungiwa ndani ya klia, na hao wadudu wa baharini wangejijengea mtaa hapo juu bila kusumbuliwa na mtu.

Siku hiyo ndipo ulipoongea na Baba. Ulipiga kuuliza kazi imefika wapi, na nilikuwa nimekasirika mno hata kueleza, nikampa yeye simu nikasema mwelewane wenyewe. Tangu ukatae karakana ukaenda pwani, naye akakuambia usirudi mpaka uitwe, mlikuwa mnasalimiana kupitia kwangu kana kwamba mimi ni posta. Siku hiyo mliongea mpaka chai yake ikapoa. Ulimweleza kwamba lazima maji yaiguse shaba. Alinirudishia simu, akanifundisha somo lote upya, mimi, kama vile si mimi niliyekuwa nikilia.

Basi tukaanza tena. Kutoa klia si mchezo. Mimi na Musau tulilala chini ya hiyo boti na msasa mikononi, vumbi machoni, mabega yakiuma, huku tukiogopa kuila shaba yenyewe. Tulipomaliza nikaenda kutafuta lori. Kurudi, haki ya Mungu, inang'aa tena. Klia. Boti nzima!

Nilimpigia Baba kelele mbele ya Musau, na hilo linanisumbua mpaka leo. Yeye alikaa tu juu ya ndoo akasema amesahau. Hapo hasira ikageuka kuwa woga, nikafikiri kumbukumbu zimeanza kumtoka, nikampeleka kwa daktari Thika. Aliulizwa siku, mwezi, majina ya wajukuu. Alijibu yote, na akamsahihisha daktari kuhusu jina la zamani la mtaa wao. Daktari akaniambia kichwa cha huyu mzee kiko sawa kuliko changu na chake.

Tulipofika nyumbani Ngoingwa nilimuuliza, sasa shida ni nini. Alihangaika na kufuli ya geti. Halafu akaniambia kwamba hakusahau kitu. Alijua vizuri klia itaharibu kazi. Akasema boti ilipoharibika mara ya kwanza alikusikia ukimwita Baba, na ukamuuliza kama mgongo bado unamsumbua. Tukatoa klia, boti ikawa nzuri, nawe ukanyamaza. Alikuwa akingoja umpigie yeye, na simu haikuja. Akaniuliza, boti ikishaondoka, Chege atapiga kwa sababu gani?

Nilichukua ufunguo mkononi mwake, nikafungua, tukaingia.

Boti iko tayari. Baba mwenyewe ameshika msasa pamoja nasi, na mgongo wake huo, na tumeongeza mkono mmoja kwa ule unga uliobaki. Imepauka na ni mbaya kuangalia, kama ulivyotaka. Lori linaondoka nayo kesho, kwa hivyo mwambie Perez atulie.

Lakini sitakuficha, nimekasirika, na si kwa Baba peke yake. Mzee wa watu anaharibu kazi yangu ndiyo asikie sauti ya mwanawe, na wewe uko huko unangoja kuitwa. Kiburi chenu ni kimoja, na mabega yanayouma ni yangu. Boti ikifika, usinipigie mimi kuniambia imefika. Mpigie yeye, na usimtajie boti hata kidogo. Namba yake ni ile ile. Hakubali kuibadilisha tangu uondoke.

Mpe wifi salamu zangu zote, na mtoto umwambie shangazi anamuwazia. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako,
Wakonyo