Karani na Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Ifahamike kwa vizazi vyote vijavyo: leo, saa kumi na moja na dakika saba alfajiri, mbwa wa nyumba hii ameanza kulia ndani ya kizimba chake, na ameendelea kwa dakika kumi na nne na nusu. Nimepima. Fundi saa hana namna nyingine ya kuteseka.

Si kubweka. Kubweka ningeelewa. Ni kilio chembamba, cha puani, kama bawaba ya mlango inayoomba mafuta kwa adabu.

Leo siku ya tano tangu mke wangu aende kwao kumuuguza mama yake, aliyeanguka akateguka nyonga. Mbwa ni wake. Yeye ndiye aliyemleta, na yeye ndiye aliyempa jina Karani, kwa kuwa hapitishi kitu bila kukikagua kwa pua. Miaka minne analala kizimbani pale sebuleni na sijawahi kumsikia. Sasa mwenye mbwa kaondoka siku tano tu — msiba! Kudeka huko.

Nimemfungulia saa kumi na mbili na nusu, nilipoamka kwa hiari yangu. Kakimbilia mlangoni kama nyumba inaungua.

Jumanne, 4 Juni

Saa kumi na moja na dakika tano. Dakika ishirini na mbili.

Jirani wa ng'ambo ya ukuta, mwalimu wa hesabu, kanivizia ngazini. Kwa heshima zote, bwana fundi, akasema, jana dakika kumi na nne, leo ishirini na mbili. Kwa mwendo huu, mwisho wa mwezi hatalala kabisa. Nikamwambia hesabu yake haina kosa. Hakucheka. Walimu wa hesabu huwa wanajua ikiwa wamesifiwa au la.

Jioni mke wangu kapiga. Karani anakula? Anakula. Analala? Fofofo, nikasema.

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda sikutaka ajue nimeshindwa kabla hata ya wiki kwisha.

Alhamisi, 6 Juni

Daktari wa mifugo kaja kibandani kwangu kubadilisha mkanda wa saa yake. Mama mmoja mwenye mikono mikubwa, kazi yake hasa ni ng'ombe. Nikamweleza habari za Karani huku natoboa tundu la mkanda. Akaniuliza swali moja tu: kwa kawaida mbwa huyu hutoka nje saa ngapi?

Saa moja asubuhi, nikajibu. Bila kusita. Tangu akiwa mdogo.

Basi huyo anadeka, akasema. Usimfungulie akilia. Ukimfungulia akilia, umemlipa mshahara. Subiri anyamaze, ndipo ufungue. Mfunike na blanketi kizimba kiwe giza, asijue kumekucha. Atalia wiki moja, atachoka.

Wiki moja! Mimi nimewahi kukaa wiki tatu na saa moja ya mezani iliyogoma. Nina subira.

Jumamosi, 8 Juni

Blanketi la kijivu, lile zito. Nimefunika pande zote, nikabana pembe kwa vibanio vya nguo. Dakika thelathini na moja, kisha kimya. Kimya kizuri kabisa. Nililala chali nikisikiliza saa zangu zikigonga, nikajisikia mtu mwenye msimamo.

Nimechora tiki kwenye kalenda.

Jumapili, 9 Juni

Dakika arobaini na moja, halafu ghafla kimya. Nikajisemea, ndiyo hiyo! Nikageuka upande wa pili, nikalala mpaka saa moja na robo.

Nilipoinua blanketi harufu ilinitangulia. Kajichafua. Mbwa ambaye hata mvua ikinyesha hushikilia mpaka afike kwenye majani! Alikuwa kakusanya tandiko lake lote akalisukuma kwenye kona moja lisipate uchafu, na yeye mwenyewe kasimama kwenye kona nyingine, kafyata mkia, anatazama ukuta. Hakutaka kuniangalia. Nikamwita. Hakugeuka.

Nimekiosha kizimba kwa sabuni, mara mbili. Nimemwosha na yeye. Alisimama kwenye beseni kama mtu anayesomewa hukumu.

Sikumwambia mke wangu. Nilimwambia Karani samahani, kwa sauti ya chini, nikajiona mjinga, na nikasema tena.

Jumatatu, 10 Juni

Nilidhani jana ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa. Leo tena, dakika ishirini tu.

Simu ya jioni sikuipokea.

Jumatano, 12 Juni

Blanketi liko kabatini. Leo niliamka saa kumi na dakika hamsini na tano, nikakaa kwenye kochi gizani kumngojea. Saa kumi na moja na dakika mbili akainua kichwa. Kabla hajafungua mdomo nikafungua kizimba.

Nilidhani atakwenda pale kwenye majani mbele ya nyumba. Alikwenda, akamaliza haja yake — ndefu, maskini — kisha akanivuta. Si kunivuta ovyo. Kunivuta kama mtu mwenye miadi. Tukapita mbele ya karakana ya magari, tukakata kushoto, akasimama dakika nzima kwenye nguzo ya taa ya pili (ya kwanza haina maana, inaonekana), tukatokea kwenye duka la dawa la kona. Kwenye kibaraza mlinzi wa zamu ya usiku anafuma sweta. Mtu mzima mwenye kidevu cha pili, koti la kazi, sindano mbili, uzi wa kijani. Pembeni yake kiti cha plastiki kitupu. Karani akaenda moja kwa moja akajilaza chini ya kiti hicho.

"Karani! Umeamkaje?" mlinzi akamuuliza. Mbwa. Halafu akanitazama mimi kuanzia kwenye ndala kupanda juu. "Wewe ndiye fundi."

Nikasema ndimi. Nikataka kukaa, akasema kiti hicho cha mama. Halafu akasema haya, kaa tu.

Kumbe ni kila siku. Miaka minne! Saa kumi na moja mke wangu anatoka na Karani, anazunguka, anakaa hapo nusu saa na chupa ya chai, saa kumi na mbili kasoro anarudi, anamrudisha mbwa kizimbani, anarudi kitandani. Mimi naamka kumi na mbili na nusu namkuta kando yangu. Chupa ile nimeiona imeoshwa asubuhi zote hizo, inachuruzika kwenye kichanja cha vyombo. Nilidhani ni ya jana yake. Miaka minne nilidhani ni ya jana yake.

Na daktari akiuliza, mimi nasema saa moja. Bila kusita.

Nikamuuliza mlinzi walikuwa wakizungumza nini. Akahesabu mishono kwanza, akamaliza mstari.

"Mengi hapana. Siku moja alisema kwenu kuna saa kumi na tisa ukutani na mume mmoja, na hakuna hata mmoja anayemuuliza ameamkaje."

Nikamwambia ni kumi na saba. Mbili ni za wateja.

Hilo ndilo nililopata la kusema. Nimelifikiria kutwa nzima kibandani, nimepoteza skrubu mbili ndogo za saa ya mtu.

Halafu, wakati naondoka, akaniuliza mama atarudi lini, au bado hajaamua.

Hajaamua nini?

Akainamia sweta lake. Akasema yeye ni mlinzi tu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepiga simu kwa wakwe, ile ya nyumbani, kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe kapokea, anahema. Nikampa pole ya kitanda. Kitanda gani tena baba, akasema, ndiyo kwanza naingia kutoka sokoni. Nyonga? Ilipona wiki iliyopita, fimbo yenyewe nimemwachia jirani.

Nikaomba kuongea na mke wangu. Nikasikia mlango ukifungwa mahali. Katoka kidogo kunyoosha miguu, mama akasema. Kwa upole sana. Upole ule ndio ulionitisha. Mama mkwe hajawahi kuwa mpole kwangu tangu harusi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimehamishia saa kibandani. Safari tatu, na sanduku la mbao. Mwalimu wa hesabu kanisaidia kubeba, akauliza kama mambo ni mazuri nyumbani. Nikasema napunguza kelele. Akasema kelele za saa alishazizoea, zilikuwa zinamsaidia kupata usingizi. Sasa hata yeye nimemharibia.

Kuta zina misumari kumi na tisa. Karani kainusa yote anayoifikia.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapa kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini. Karani yuko chini yangu, kidevu juu ya kiatu changu. Mlinzi kafika kwenye kola.

Nimeamka saa kumi na nusu leo, kabla ya mbwa. Jana kabla ya kulala nilikuwa napanga. Nisiombe msamaha kwanza, maana nikianza kuomba nitaeleza, nikieleza nitamkosoa mahali. Nisitaje saa. Nisiseme nimeng'oa. Nimpigie alfajiri hii hii, wakati wake, wakati yuko macho mwenyewe na nyumba yao imelala. Nimuulize umeamkaje, halafu ninyamaze. Ninyamaze kweli, asikie kuna mtu upande huu anangoja jibu.

Mlinzi anajua. Kaacha kufuma. Hata Karani kainua sikio moja.

Saa kumi na moja na dakika ishirini nikapiga. Ikaita mara moja. Mbili. Mara ya sita ikapokewa. Sauti nzito ya usingizi, nikasema lile neno langu haraka kabla sijaingiwa na woga.

Alikuwa shemeji, mdogo wake. Wanalala chumba kimoja.

"Dada amelala, shem," akasema. "Siku hizi anaamka saa tatu."