Niliyoyatangaza kwa Kiswahili Kizuri

Jumanne, alasiri. Ikonge.

Mvua ya mawe ilipita saa sita, dakika kumi tu, ikatosha kutoboa majani ya chai mpaka yakaonekana kama yamedonolewa na kuku. Sasa jua limetoka na shamba lote linafuka mvuke. Wasomaji wangu wachache, wengi wenu majirani wa zamani wa kule Molo mliotawanyika kama mimi, mmezoea niwaandikie juu ya mambo ya namna hiyo, na juu ya vitabu. Leo siwezi.

Leo naandika kwa simu ndogo, kwa kidole kimoja, kwa sababu kishikwambi nilichokuwa nikitumia nilikikabidhi kwa polisi jana.

Kilikuwa cha wizi.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Nianze na ninaishi kwa nani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilinyamaza. Marehemu baba aliuza kipande chake cha ardhi hapa Nyamira akanunua kingine Molo. Huko ndiko nilikokulia, na huko ndiko nilikofungua duka la vitabu. Tulipofukuzwa huko katika ghasia za uchaguzi, nilirudi Nyamira bila mahali pa kurudi. Dada yangu Bosibori, ambaye ni mjane, alinipokea katika shamba la marehemu mume wake. Kwetu si jambo la kujivunia, mwanamume kuzeekea katika boma alikoolewa dada yake. Hakuna aliyewahi kunitupia neno hilo usoni. Nalijua mwenyewe kila asubuhi ninapofungua mlango.

Na mlango wenyewe uliwekwa na Onchiri, mwana wa Bosibori. Alinijengea vyumba viwili, akaezeka kwa mabati mapya, na ukutani akapigilia rafu ya vitabu ambayo sikuwa nimeiomba. Siku aliyoipigilia alisimama nyuma kidogo, akaitazama, akasema, "Mame, sasa hata wewe una kwako." Mame ni mjomba katika lugha yetu.

Kwa hiyo miezi mitatu iliyopita, Onchiri aliponiomba nimsaidie kuandika matangazo, nilifurahi. Alikuwa ameanza kuuza runinga, simu na vipakatalishi mtandaoni kutoka chumba alichokodi mjini Kisii. Vyote vipya, ndani ya maboksi yake, kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya ile ya madukani. Aliniambia ni mzigo wa mtu aliyefunga duka Nairobi. Akanicheka nilipomuuliza kwa nini asiandike mwenyewe.

"Mimi nikiandika wanauliza maswali. Wewe ukiandika wanauliza bei tu."

Nami nilicheka. Nilidhani anasifu kalamu yangu.

Niliandika matangazo hayo kwa uangalifu ule niliokuwa nikiandikia barua za wachapishaji. Nilikataa maneno ya mkato wanayotumia vijana. Niliandika kwamba picha ya runinga ni safi kama dirisha lililopanguswa. Niliandika kwamba muuzaji ni mtu wa familia inayojulikana, na chini yake nikaweka jina langu kamili, bila kuombwa. Kisha nikayapeleka matangazo hayo katika kundi la simu la kanisa letu, ambako mimi ni mzee wa kanisa. Mwalimu wa kwaya akanunua runinga. Mama mmoja mjane akamnunulia bintiye wa chuo kipakatalishi. Wengine wakafuata.

Sisi ni Wasabato. Siku moja Onchiri alipata mzigo Ijumaa akataka utangazwe haraka kabla ya mwisho wa wiki. Nilimwambia hapana, biashara haifanyiki siku ya Sabato, tangazo litangoja Jumapili asubuhi. Nilimkemea hata kwa kuniomba. Nilisema kwamba mali ya halali haina haraka.

Nilisema hivyo. Mali yenyewe sikuwahi kuuliza ilikotoka.

Baadaye akanipa kishikwambi. Alisema ni asante. Nimesoma vitabu kumi na viwili ndani yake, na shajara zote mlizosoma hapa tangu hapo zimetoka humo.

Jumatano iliyopita alikuja mwanamke anayeitwa Atieno. Kwao ni upande wa ziwa, lakini anashona sare za shule pale Kebirigo na kila mtu anamjua. Mume wake, Ouma, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Miezi minne iliyopita alisimamishwa usiku barabarani na watu waliovaa kama askari. Alipatikana asubuhi amefungwa kamba katika shamba la mahindi, na lori lake likapatikana mbali na hapo, mlango wa kontena wazi, ndani hakuna kitu. Wiki iliyopita alikamatwa yeye. Wanasema alishirikiana na wezi, kwamba ni yeye aliyewaambia atapita saa ngapi.

Alitaka nimwandikie barua kwa mwajiri wa mumewe. Watu huja kwangu kwa mambo hayo. Alikaa kwenye benchi nje, tepu ya kupimia bado imening'inia shingoni, akasema:

"Mzee, nimeambiwa wewe ukiandika, mkubwa anasoma mpaka mwisho."

Nikachukua kalamu. Akaanza kunisimulia, mara analia, mara anacheka.

"Andika kwamba Ouma, hata kuku wa jirani akija kutaga kwetu, yeye anamrudisha pamoja na yai. Andika hiyo. Hapana, usiandike, watatucheka. Andika tu kwamba ni mtu mwaminifu."

Kisha akanipa barua ya kampuni ili nione tarehe na namba ya kumbukumbu. Nyuma yake kulikuwa na orodha ya mzigo uliopotea: runinga, simu, vishikwambi, aina zake, ukubwa wake, na nambari ndefu za kila kifaa. Aina hizo nilizijua. Niliwahi kuzisifu moja baada ya nyingine.

Nilimwambia naingia ndani kutafuta miwani ya kusomea. Miwani nilikuwa nimeivaa. Barua ile nilikwenda nayo.

Ndani nilifungua picha ambazo Onchiri alinitumia kwa ajili ya tangazo la mwisho. Katika moja, boksi lilikuwa limepigwa picha kwa ubavu, na nambari ilisomeka vizuri. Nikaitafuta katika orodha. Ilikuwa kwenye ukurasa wa pili, mstari wa nne. Kisha nikakigeuza kishikwambi nilichokishika, nikasoma tarakimu ndogo zilizoko mgongoni. Hata hicho kilikuwamo.

Nilirudi nje, nikakaa, nikamaliza barua.

Ilikuwa barua nzuri. Atieno aliikunja mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia ndogo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Niwaambie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Wiki chache baada ya kufukuzwa Molo, nilipita katika soko moja kando ya barabara kuu nikaona kabati langu la vitabu. Nililitambua kwa bawaba ya juu, ambayo niliibadilisha mwenyewe na haikufanana na ya chini. Kando yake alisimama mwanamume mwenye sauti nzuri. Hakuwa yeye aliyeiba. Aliajiriwa tu kunadi. Alikuwa akiwaambia watu, "Hili ni la mtu msomi, angalieni mbao, angalieni kazi!" Watu walikuwa wakikaribia kwa sababu ya sauti ile. Nilisimama nikamsikiliza mpaka likanunuliwa.

Waliovunja duka langu nilikwisha kuwasamehe, au nilijaribu. Yule mwenye sauti sikumsamehe kamwe. Nilikuwa nikijiuliza, mtu mwenye kipaji kama kile, anakosaje kuuliza hata swali moja?

Sasa najua anavyokosa. Anapendwa, anasifiwa, ana paa jipya juu ya kichwa chake. Swali halimjii kwa sababu halina faida kwake.

Ijumaa nilimkuta Onchiri mkahawani hapa Ikonge, anakunywa chai peke yake. Niliketi, nikamuuliza kitu kimoja tu: yale maboksi yalitoka wapi?

Akasema polepole, "Mame, miezi mitatu hujauliza. Mbona unauliza leo?"

Akavuta kiti chake karibu.

"Mimi nauza tu, siibi. Na huyo dereva atatoka. Mtu asiye na kosa hutoka."

Sikuwa nimemtaja dereva yeyote.

Alilijua kosa lake wakati uleule nilipolijua mimi. Aliangalia ndani ya kikombe. Akasema, kwa sauti ya mtoto niliyemfundisha kusoma, kwamba mama yake hatavumilia. Kisha akasema, "Na wewe utakwenda wapi?" Hakusema kwa vitisho. Nadhani alikuwa anajali kweli, na hiyo ndiyo sehemu inayoniumiza.

Jumamosi kanisani nilitakiwa kusoma somo. Nikasema koo linaniuma.

Jumapili nilimwendea Bosibori. Alikuwa ameketi mlangoni akipepeta wimbi kwenye ungo. Nilimwambia yote, tangu tangazo la kwanza hadi kikombe cha chai, na kwamba kesho yake nitakwenda kituo cha polisi. Hakuacha kupepeta. Mwishowe akauliza:

"Umekuja kuniuliza au umekuja kuniambia?"

Nikasema nimekuja kumwambia.

"Basi nenda. Usiningoje nikuambie nenda. Huyo ni mtoto wangu, siwezi kuwa na mdomo wa kusema neno hilo."

Ungo ukaendelea. Niliketi pale mpaka wimbi lote likaisha, na hakunifukuza, na hakunitazama.

Jana nilikwenda. Nilitoa kishikwambi, picha, na nakala za kila tangazo lenye jina langu. Nilisoma maelezo yangu kabla ya kutia sahihi na nikarekebisha sentensi mbili zilizonifanya nionekane kama niliyedanganywa tu. Ofisa alinitazama kwa mshangao, akaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika. Aliniambia wataniita tena, na kwamba huenda nami nitashtakiwa. Onchiri alikamatwa jioni ileile, mjini, katika chumba chake, na maboksi bado yamo.

Leo asubuhi polisi wamepita nyumba kwa nyumba wakikusanya vitu vilivyonunuliwa kupitia tangazo langu. Mwalimu wa kwaya ameibeba runinga yake mwenyewe hadi garini, ameikumbatia kifuani, wala hajanisalimu. Nilipopita penye kituo cha kupimia chai, mchumaji mmoja alinipigia kelele kutoka kwenye foleni:

"Mwandishi! Tuandikie basi na tangazo la kurudisha!"

Wote wakacheka. Nilistahili kicheko hicho, na kusema kweli, lilikuwa wazo zuri. Nimeandika ujumbe katika kundi la kanisa, mistari sita, bila sifa yoyote. Nimeomba radhi kwa kila mnunuzi kwa jina, na nimewaambia wazee wenzangu kwamba nafasi yangu wampe mwingine.

Bosibori hajaniambia nihame. Wala hajaniambia nibaki. Saa nne ameniletea uji kama kila siku, ameuweka juu ya ngazi, akaondoka kabla sijafika mlangoni. Sijui maana yake. Nina umri wa kutosha kujua kwamba huenda hata yeye hajui.

Haya yote ningeweza kuyaandika na kulala. Lakini saa saba leo simu imelia. Ni Atieno. Wakili amemwambia kwamba kuna mtu ametoa ushahidi, na kwamba Ouma huenda akaachiliwa kesho kutwa. Ameambiwa mtu huyo ni mimi.

"Mzee, Mungu akuongezee miaka! Hata hukunijua vizuri, na umemtoa mpwa wako kwa ajili yetu!"

Amenibariki mimi, akabariki na nyumba yangu. Anafikiri niligundua juzi. Anafikiri kwamba nilipojua nilikimbia.

Nikamshukuru. Nikakata simu.

Siku tano. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Sabato, Jumapili. Siku hizo tano mume wake alilala sakafuni kwenye seli huku mimi nikipima nyumba yangu ya vyumba viwili dhidi ya maisha yake, na mara nyingi nyumba ndiyo iliyokuwa nzito. Polisi hawakuniuliza nilijua lini. Waliniuliza nilijua nini. Hakuna mtu duniani ambaye angeniuliza swali la siku, na ningeweza kufa nikiwa mtu mwema wa Atieno.

Baraka hizo si zangu. Nimezipokea kama nilivyokipokea kile kishikwambi.

Kesho asubuhi nitashuka Kebirigo. Nitamkuta kwenye cherehani, na pengine atainuka haraka kunipa kiti. Sitakaa. Nitangoja amalize mshono alionao, asije akajichoma sindano, kisha nitamwambia: siku ile uliponishika mkono kwa mikono yako miwili, mimi nilikuwa nimekwisha kujua.

Atakalosema baada ya hapo ni lake.