Harufu ya Ukoko Chini ya Pikapu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Telesphory Alphonce Ponsiano
Umri: Miaka 53
Kabila: Mpogoro. Dini: Mkristo
Kazi: Fundi magari
Makazi: Viwanja Sitini, Ifakara
Tarehe: 3 Juni 2025, saa 3:15 asubuhi, mbele ya Koplo Agnella

Mimi ni fundi magari na gereji yangu iko hapa Viwanja Sitini. Namfahamu Alex, dereva wa pikapu nyeupe inayobeba ndizi kutoka Kisawasawa. Namfahamu pia Lukelo, dereva wa bajaji, ambaye yuko mahabusu tangu tarehe 23 Mei. Siku hiyo alfajiri alimpeleka hospitali marehemu Evod, aliyemkuta amegongwa kando ya barabara ya Kisawasawa, si mbali na mjini, alipokuwa akilinda mpunga wake ulioanikwa, na Lukelo akashikwa kwa kudhaniwa ndiye aliyemgonga. Sina ugomvi na yeyote kati yao, isipokuwa Alex hunitania kwa pua yangu inayonusa kila kitu.

Mnamo tarehe 2 Juni, Jumatatu, majira ya saa 2 asubuhi, Alex alileta pikapu gereji. Alisema, "Shikamoo fundi. Injini inanuka kuungua, wiki nzima. Leta hiyo pua, serikali ingeipa mshahara." Nikaitikia marahaba, nikamwambia pua ni ya ukoo, haikodishwi.

Nilifungua boneti. Gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, ilikuwa imechoka, oili inavuja na kudondokea ekzosi ya moto. Nilifurahi, kwa sababu hiyo ni kazi ya kufanya umesimama. Afande ananiona nilivyo. Nikiingia chini ya gari, kunitoa ni kazi ya watu wawili. Afande ameniomba nirudi kwenye gari. Narudi.

Nilibadilisha gasketi, nikafuta oili yote, nikawasha. Moshi ulikata. Ikabaki harufu nyingine, na sifichi kwamba niliipenda: harufu ya ukoko, wali ulioshika chini ya sufuria. Nikamwambia Alex, "Kumbe umenipikia?" Hakucheka. Si kawaida yake.

Tulitoka kulijaribu gari, yeye akiendesha. Lilipopata moto harufu ilizidi, na ndani ya ule ukoko nikasikia nailoni. Afande anajua, msimu huu wa mavuno watu wanaanika mpunga pembeni mwa lami juu ya maturubai, na kupanga mawe ukingoni ili magari yasikanyage. Madereva wanakanyaga pembe vilevile. Jiwe linagonga chini ya gari, dereva anatukana, anaendelea na safari. Lakini Alex kila alipoona turubai alipunguza mwendo na kuhama mpaka upande wa pili wa barabara, kama mtu anayepisha jeneza. Tulikuwa hatujafika mbali aliponiambia, "Tugeuze, fundi." Nikasema gari halijachemka vizuri. Akasema tena, taratibu, "Tugeuze hapahapa."

Gereji nilipiga jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini. Juu ya bomba la ekzosi kulikuwa na kipande cha turubai la bluu kilichoyeyuka na kung'ang'ania bomba. Kwenye mikunjo yake kulikuwa na punje za mpunga, nyeusi tii. Nilikibandua kwa bisibisi. Upande ambao moto haukuufikia ulikuwa na kiraka cha kitambaa cha zambarau, kimeshonwa kwa mkono.

Nilitoka nacho mkononi. Theresia, anayetuuzia chai na vitumbua pale gereji, alikuwa anammiminia Alex chai. Theresia ni dada wa marehemu Evod. Tangu aliporudi kazini baada ya matanga, haikupita asubuhi bila kumwita Lukelo muuaji, nasi tulikuwa tunainama kwenye injini zetu. Alikitazama kile kiraka. Akasema, "Hiyo ni sare yangu ya kwaya, ya zamani. Nimeshona mimi." Kikombe kilijaa, chai ikamwagika mezani, naye akaendelea kumimina.

Nilimuuliza Alex kama aliwahi kukanyaga turubai. Akasema, "Nilidhani ni mawe, fundi. Ilikuwa alfajiri, ukungu. Nilisikia kitu kimegonga, nikadhani ni yale mawe."

Theresia akamwambia, "Alikuwa amejifunika turubai. Kulikuwa na baridi."

Alex akaniuliza, "Fundi, sasa harufu imetoka?" Nikamjibu imetoka.

Hakukimbia. Nilipiga simu kituoni, tukakaa benchi moja sisi watatu kuwasubiri askari, na walipofika Alex alipanda gari lao kwa hiari. Wakati tunasubiri, Theresia alisema neno moja tu, akitazama chini: "Nesi aliniambia Lukelo alichana shati lake kumfunga Evod kichwa. Mimi nikasema ni ujanja wake."

Kipande cha turubai nimekileta leo ndani ya boksi la plagi. Jana jioni mke wangu alipika wali, akanitengea ukoko kama nilivyomzoesha miaka yote. Nilikunywa maji, nikaenda kulala.

Naomba habari ya Lukelo itazamwe leo hii. Niliyoyaona kwa macho ni hayo, na niliyoyasikia kwa pua ni hayo.

Sahihi ya shahidi: T. A. Ponsiano

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi na amesaini mbele yangu. Kipande cha turubai chenye kiraka kimepokelewa kama kielelezo, kimehamishiwa chumba cha nyuma kwa sababu ya harufu. Bi Theresia amekitambua. Kwa maelekezo ya mkuu wa upelelezi, Lukelo ametolewa mahabusu saa 5:40 asubuhi akiwa na shati lake lililochanika ubavuni. Bi Theresia, aliyekuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, alisimama, akafungua kitenge chake, akamfunika nacho mabegani.

Koplo Agnella