Tangazo Lililochelewa Masaa Matatu

Marieta, weka jembe chini usome.

Rogathe hakumzika Lucia. Dada yake wa pekee, hakumzika!

Tulimsubiri mpaka saa nane. Padri akasema ana msiba mwingine, tukafukia.

Unajua Rogathe kule Gehandu hana simu, redio ndiyo simu yake. Tangazo la mazishi lilipangwa lisomwe saa moja asubuhi. Likasomwa saa nne. Saa nne, Marieta!

Na aliyekosea ni Evarist, mjukuu wangu, fundi wa pale redioni. Jana aliunganisha kompyuta ya redio, ile inayorusha matangazo yenyewe saa ikifika, na kile kipokezi kinachopokea saa kutoka setilaiti. Alivyojivuna! "Bibi, sasa saa yetu inatoka juu, haidanganyi." Kumbe setilaiti inatoa saa ya dunia, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Hakuyaongeza. Kompyuta ikangoja, na tangazo likangoja nayo.

Rogathe anashuka kwenye bodaboda, watu wananawa udongo mikononi. Evarist akampigia magoti. "Shikamoo bibi. Ni mimi. Nimekosea saa."

Rogathe akamtazama usoni. Mimi mpenda vitendawili, macho yale yalinishinda, hata mji sina wa kutoa.

Kisha akamuuliza taratibu, "Kichwa cha dada yangu kiko upande gani?"

Evarist akamshika mkono, akamwonyesha. Rogathe akakaa chini hapo, akaanza kumpa Lucia habari za Gehandu, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.